Barua ya Balozi Niliyompelekea Balozi

Mimi nauza vitenge na mawese hapa Mwanga, Kigoma. Sheria sijasoma, serikalini sijawahi kuajiriwa hata siku moja. Ila leo ukipita dukani kwangu na cheti cha kuzaliwa cha nje ya nchi, nitakwambia muhuri upi unatangulia na upi unafuata, na nitakwambia hata kama ulikuja kununua doti moja tu. Elimu hiyo nimeilipia, tena kwa ada ya juu.

Chanzo ni mwanangu Juma. Nilimzalia Bujumbura, Burundi, mwaka 2006, mtaa wa Buyenzi, nilikokuwa nimepanga kwa shangazi yangu nikifuata vitenge. Wanaoijua Buyenzi wanajua, pale Kiswahili kinasemwa kutwa kucha, unaweza kusahau kama umevuka mpaka. Baba yake Juma ni mtu wa Ujiji, mimi nimezaliwa Maweni, hospitali ya hapa hapa Kigoma, mtoto akarudi Kigoma akiwa mgongoni, akasoma hapa mpaka kidato cha nne. Nani angefikiria kuna tatizo?

Tatizo likaja kwenye kitambulisho cha taifa. Kijana akaulizwa umezaliwa wapi, naye akajibu Bujumbura. Nilimfundisha kusema kweli, na hiyo ndiyo hasara yake. Sisi watu wa Kigoma tunajijua: Kiha na Kirundi ni ndugu, ukishasalimia "mwakeye" mbele ya mgeni kutoka bara, tayari anataka kuona pasi yako ya kusafiria. Sasa mtoto akisema mwenyewe kwamba kazaliwa ng'ambo ya pili, imekuwa kesi.

Nikaitwa ofisi moja mjini kuhojiwa. Nikaulizwa habari za baba, nikajibu vizuri. Nikaulizwa za babu, hapo ndipo nikajichongea. Kwa fahari kabisa nikasema babu alikuwa mbeba mizigo bandarini kwa Wabelgiji. Na ni kweli. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, kwa mkataba wa mwaka 1921, Waingereza waliwapa Wabelgiji eneo lao bandarini hapa Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite kwa reli bila usumbufu. Babu alikuwa Muha wa hapa hapa aliyepata kibarua. Lakini bwana aliyekuwa ananihoji alisikia neno moja tu. Akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Kwa hiyo babu yako alikuja na Wabelgiji?"

Ukiulizwa babu yako alikuwa nani, sema mkulima. Inatosha.

Mwisho akaniambia, "Mama, leta cheti cha mtoto kilichothibitishwa, pamoja na barua ya balozi." Nikatoka pale moyo mweupe. Barua ya balozi? Balozi wetu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu! Wadogo hawajui, lakini tangu enzi za TANU kila nyumba kumi zina balozi wake, na huyu wetu kazi yake anaipenda kuliko anavyopenda chakula. Nilimkuta anakula migebuka, akaacha, akanawa, akavaa kofia, akaagiza mjukuu alete karatasi yenye mistari. Akaandika nikimwona: "Namfahamu kijana huyu tangu alipoletwa akiwa mgongoni kwa mama yake. Hana ugomvi na mtu, na msibani huwa anachimba kaburi." Akasaini mara mbili, juu na chini, kwa sababu mhuri hana.

Kesho yake nikaipeleka. Yule bwana alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akavua miwani akaifuta. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili naye asome. Walipomaliza kucheka akaniambia taratibu, "Mama Juma, balozi wa Tanzania kule Burundi." Ukumbini kulikuwa na watu kama kumi na tano, wote wakageuka. Barua nikaikunja nikairudisha kwenye mkoba. Kuitupa nilishindwa, mzee wa watu aliacha migebuka yake.

Sasa akaingia shemeji yangu, mjuzi wa kila kitu. "Unahangaika nini? Ubalozi mdogo wa Burundi si upo hapa hapa Kigoma? Na wa Kongo upo. Hapa sisi ni kama Dar!" Kweli zipo zote mbili, kwa sababu ya ziwa na mizigo. Nami nikaona ana akili. Akanipa namba ya kijana mmoja mwenye kibanda cha fotokopi, kishoka hasa, ila wakati huo nilimwita "mtaalamu". Mtaalamu akachukua elfu themanini hivi, akanijazia fomu ya Kifaransa kwa mwandiko mzuri ajabu, akaniambia nenda kaiweke tu, usiongee sana.

Nashukuru Mungu kwamba mimi huongea sana. Nilipofika, mzee aliyenipokea akaisoma ile fomu, akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Mama, mtoto wako ni Mrundi?" Nikaruka. "Mrundi wapi! Mtanzania!" Akageuza karatasi nione, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akinitafsiria. Nilikuwa nimeomba mwanangu aandikishwe kama raia wa Burundi anayeishi Kigoma. Na sahihi yangu ipo chini, imekaa vizuri, yenye mkia! Yaani kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa elfu themanini zangu, nilikuwa namaliza ile kazi ambayo ofisi ya kwanza ilikuwa inaitafutia ushahidi. Jasho lilinitoka mpaka kilemba kikalowa. Yule mzee, Mungu ampe maisha marefu, akanirudishia fomu akasema, "Ubalozi wetu huku unatazama watu wetu. Watu wenu kule wanatazamwa na ubalozi wenu." Maneno hayo machache yangeniokolea mwezi mzima kama shemeji angeyajua.

Nilimrudia kishoka kudai pesa. Pesa hakurudisha, akanipa "fidia": cheti cha Juma kikiwa na muhuri wa bluu, eti kimeshathibitishwa Bujumbura na jamaa yake. Nilikiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Wino ulikuwa bado unachafua kidole, na pembeni imeandikwa kwa herufi kubwa: UBALOZI WA TANZANIA BUJUMBULA. Bujumbula! Nilikichana palepale mbele yake. Nakala, siyo cheti chenyewe. Mimi siyo mjinga kiasi hicho. Maana ningekipeleka, leo nisingekuwa nasimulia, ningekuwa naletewa uji.

Binamu yangu anayefanya kazi kwa wakili ndiye aliyenieleza sheria inasemaje, bure, kwa kilo moja ya dagaa. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inasema mtoto aliyezaliwa nje ni Mtanzania kwa kurithi kama baba au mama ni raia, ila huyo mzazi mwenyewe asiwe raia wa kurithi tu. Kumbe ndiyo maana walinibana mimi nimezaliwa wapi. Maweni ikaniokoa. Ila Juma naye siku akioa, asije akaniletea mjukuu wa kuzaliwa ng'ambo, nimeshamwonya.

Basi nikaenda mwenyewe. Uhamiaji wakanipa hati ya dharura ya safari, nikapanda haisi mpaka Manyovu, nikavuka Mugina, halafu Mabanda, Nyanza-Lac, Rumonge, ziwa likiwa mkono wa kushoto njia nzima. Petroli Burundi ilikuwa adimu, nauli ilipanda tukiwa ndani ya gari. Nilifika kwa shangazi Buyenzi Jumatatu jioni, tarehe 30 Juni 2025.

Tarehe 1 Julai nikaamka alfajiri, nikajipamba, nikatoka. Mji umefungwa, bendera kila mahali. Sikukuu ya Uhuru wa Burundi! Waliupata mwaka 1962, na mimi niliyeishi pale miaka minne nilisahau. Nikajipa moyo kwamba ubalozi wetu ni Tanzania, utakuwa wazi. Shangazi akanicheka. Balozi kawaida hupumzika na sikukuu za nchi zilipo.

Jumatano mpaka Ijumaa nilikuwa mbio. Komini ya Buyenzi, yaani halmashauri iliyomwandikisha Juma, haipo tena peke yake, ilishamezwa na Mukaza, kwa hiyo kitabu cha mwaka 2006 kikatafutwa huko. Kilikuja kimefungwa kamba, kurasa zina rangi ya chai. Karani akateremsha kidole, akasimama. Nikachungulia. Mwanangu ameandikwa Djuma. Na mimi Mwajuma nimeandikwa Mwadjuma. D ya Kifaransa hiyo, imeingia kwenye majina yetu miaka kumi na tisa imekaa kimya.

Shemeji kwa simu: "Fungua kesi huko huko wabadilishe!" Kesi! Na lugha yenyewe Kifaransa! Hapo ndipo nilipojisifu mpaka leo. Niliiacha D ilivyo. Nikaomba cheti kitolewe kama kitabu kinavyosema, halafu nyumbani nikaapa kwa wakili kwamba Djuma na Juma ni mtu mmoja, na mama yake vilevile. Kiapo kimoja, elfu ishirini au thelathini hivi, kikamaliza. Na ujanja wa pili: nilichukua vyeti halisi viwili badala ya kimoja, vyote nikavipitisha kwenye mihuri. Kuna ofisi zikishika karatasi yako halisi haziiachii, utarudi kule mara ya pili kwa miguu.

Wizara yao ya mambo ya nje ikagonga muhuri Ijumaa. Jumatatu saa mbili nikawa langoni kwa ubalozi wetu, nimevaa kitenge kipya. Mlinzi akanitazama kwa huruma. "Mama, leo Sabasaba."

Tarehe saba Julai. Sikukuu ya kwetu wenyewe, niliyoisherehekea tangu utotoni. Balozi hupumzika na sikukuu za nchi zilikotoka pia, ndivyo nilivyojifunza, nimekaa juu ya tofali nje ya geti. Nilikwepa mwiba wa Burundi nikakanyaga wa Tanzania.

Jumanne nikaingia. Kijana aliyenihudumia alikuwa mwungwana, na ndiye aliyenifumbua macho. Nilimwambia, "Kwa hiyo mwanangu sasa mnathibitisha nilimzaa mimi?" Akasema hapana mama, sisi tunathibitisha kwamba saini na muhuri wa wizara yao ni wa kweli. Wizara nayo inathibitisha ya komini. Kila mmoja anamtazama aliye chini yake tu, ndiyo maana ukiruka mmoja, wa juu anakataa. Ningeambiwa hivi mwezi wa tano!

Kabla ya kugonga akapekua bahasha yangu kuona kama kuna kingine. Akatoa karatasi yenye mistari. Nikataka kumnyang'anya, nikachelewa. Aliisoma yote, mpaka saini ya chini. Hakucheka. Akaikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema hii haitahitajika.

Tafsiri ya Kifaransa kwenda Kiswahili niliipitishia BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, usitafsirishe kwenye kibanda cha fotokopi tafadhali. Mengine yakaenda yenyewe. Juma namba yake ya kitambulisho anayo.

Sasa watu wananifuata. Mama mmoja wa Ujiji binti yake yuko Norwei, alikuwa anatafuta ubalozi wa Tanzania Oslo. Nikamwambia aache kutafuta, Norwei inahudumiwa na ubalozi wetu wa Stockholm, Sweden. Nchi haiwezi kuwa na ofisi kila mahali, ubalozi mmoja hushika kadhaa. Dereva wa lori anayekwenda Lubumbashi nilimwambia akikwama asihangaike na Kinshasa, ni mbali sana, pale pale Lubumbashi tuna Konseli Mkuu. Na shemeji alipoanza kubisha kwamba makao makuu ya Burundi ni Gitega kwa hiyo nilikwenda mji usio wenyewe, nikamuuliza makao makuu yetu ni wapi na balozi za wazungu ziko wapi. Akanyamaza. Dodoma na Dar zilimtosha.

Juzi nilikwenda kumshukuru balozi wetu wa nyumba kumi. Nikampelekea kitenge cha mkewe. Nikamwambia, mzee, barua yako ilifika ubalozini Bujumbura na ilisomwa yote.

Akatingisha kichwa polepole, akavuta kiti karibu.

"Wamejibu?"