Chapati, bamvua na daftari la madeni: siku yangu moja Paje

Saa 11:30 alfajiri

Nimeshasali na jiko la mkaa limeshika. Wengi wanaotaka kufungua biashara hapa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, huanza kuwaza kahawa ya mashine na viti vya kubembea. Mie nilianza na chapati na maharage ya nazi, na hadi leo ndiyo yanayonilipia kodi ya kibanda.

Maharage nimeyachemsha jana. Asubuhi kazi ni tui. La pili, lile jepesi, ndilo linalotangulia chunguni pamoja na kitunguu na bizari. Tui zito linaingia mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, na hapo huondoki wala hupokei simu. Unakoroga polepole upande mmoja mpaka lichemke, maana ukiliacha linakatika, na ukija kugeuka unakuta mafuta yanaelea juu na maji yamebaki chini. Mteja wa hapa akiona tui limekatika hasemi kitu, ila kesho humwoni.

Saa 12:30 asubuhi

Walinzi wanatoka zamu ya usiku, wasafishaji wa vyumba wanashuka kwenye gari, mafundi wa ujenzi wako njiani. "Dada, chapati mbili, maharage, chai ya rangi." Chapati moja shilingi 500, na hapa faida ni ndogo, lakini ipo kila siku. Mtalii huja na upepo. Kusi huvuma Juni hadi Septemba, kaskazi Desemba hadi Machi, na wacheza kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, hupanga safari zao kwa pepo hizo mbili. Katikati kuna masika. Aprili na Mei zipo hoteli zinazofunga milango kabisa, na mikahawa iliyowategemea wageni peke yao hufunga pamoja nazo. Mlinzi yeye habanduki. Hoteli ikifungwa ndiyo kwanza ana cha kulinda, na njaa yake iko palepale.

Saa 2:15

Gari la mjini limefika na mzigo wangu. Muuzaji wangu yuko soko la Mwanakwerekwe. Usiku namtumia pesa kwa simu, asubuhi anamkabidhi konda mapapai, pesheni na matikiti. Leo tikiti moja limepasuka.

"Dada, ni yale matuta ya Jozani."

Nikamwambia konda matuta yale ya msituni yamewekwa ili magari yasiwagonge kima punju, na tikiti langu si kima. Akacheka, akanipunguzia nauli ya mzigo. Tikiti limekwenda kwenye blenda mara moja.

Saa 4:00

Ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kutoka sana, kwa hiyo saa hizi maji yametoka mpaka kule kwenye mwamba na pwani yote ni mchanga na vidimbwi. Wifi yangu amepita na kamba zake, anakwenda shambani kwake. Mwani ulianza kulimwa kibiashara upande huu, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wakati huo yeye alikuwa bado skuli. Anasema ule mwani wa bei nzuri hauvumilii maji ya joto, siku hizi unaoza kwenye kamba, basi analima ule mwembamba wa bei ya chini.

"Wifi, wewe unauza kivulini," ananitania kila akipita.

Najibu kwamba yeye hana mdaiwa. Ninaye mmoja, nyumba ya wageni isiyo mbali, inayochukua chapati za chamshakinywa na kulipa kwa maneno matamu. Jina silitaji. Daftari langu linalijua.

Saa 6:00 mchana

Amekuja papasi, mmoja wa wale vijana wanaowaongoza wageni kwa kamisheni, na wageni wanne. Kabla hawajakaa, amenivuta pembeni: niwatoze mara mbili, kinachozidi tugawane. Nimekataa, nikampa bilauri ya juisi ya ukwaju bure. Papasi si mtu wa kugombana naye, kesho anaweza kuwaongoza wageni wote upande mwingine. Kwangu bei mbili hakuna, ila sahani ziko mbili. Ya chapati na maharage ni ya kila mtu kwa bei ileile. Ya pweza wa nazi na saladi ya embe imepangwa kwa ajili ya wageni, na bei yake inajieleza. Mwenyeji akiitaka, karibu, ila sijamwona.

Bei zote zimeandikwa kwa shilingi. Zamani kibao kilikuwa kwa dola, kama vya wenzangu, mpaka zikaja kanuni za 2025 za kukataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Nilinung'unika, nikapaka rangi upya. Kwangu imekuwa nafuu, siku hizi sibishani na mtu kuhusu kiwango cha kubadilisha.

Kati ya wale wanne, wawili walikuwa na nguo za kuogelea tu. Kibanda kiko ndani ya kijiji, na wazee hupita hapa wakienda msikitini adhuhuri. Kwa hiyo mlangoni nimetundika kanga za kuazima. Naziweka mabegani mwao kwa tabasamu, hakuna hotuba. Mmoja alisoma maandishi, akauliza maana yake, akainunua. Sikupanga kuuza kanga. Sasa naagiza korja nzima.

Saa 10:00 alasiri

Maji yamejaa. Kaiti zimetanda angani, na ndani ya saa moja nauza juisi kuliko kutwa nzima. Sina muda wa kuandika.

Saa 1:30 usiku

Nimefunga. Nahesabu, natoa ya unga, ya mkaa, ya umeme wa friza. Ya mshahara wa mdogo wangu anayenisaidia naitoa kabla ya yangu, asije akahamia hotelini. Karatasi ziko kwenye bahasha moja: usajili wa jina kutoka BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, leseni, vyeti vya afya vyangu na vyake. Akija mkaguzi sitaki kuanza kupekua makabati.

Saa 3:00 usiku

Ujumbe kutoka ile nyumba ya wageni: kesho wanataka chapati 30, saa moja kamili.

Nimejibu: "Nitumieni kwanza za wiki iliyopita."

Baada ya kimya kirefu wametuma nusu. Nimepima unga wa chapati 15.