Mbolea ya Marehemu Baba

Ujumbe wa mbolea ya ruzuku uliingia kwenye simu ya Baba, na Baba tulimzika Novemba. Mama huiweka ile simu chaji kila Jumapili, kwa hivyo tuliuona: mifuko minne, ekari mbili, jina lake kamili.

Hapa Trans Nzoia, Kenya, huu si mchezo. Mwaka 2022 tulinunua mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 6,500. Serikali ikashusha hadi 3,500, na mwaka 2023 ikawa 2,500. Kwa mifuko minne, pigeni hesabu wenyewe.

Nikapanda boda hadi ghalani na kitambulisho changu. Karani akatazama kompyuta, akanitazama mimi. "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia. Akanipa pole, kisha akanielekeza kwa chifu tusajiliwe upya. Kwa kweli sikumlaumu. Wafu wengine, nasikia, huchukua mbolea kila msimu.

Chifu alituandika kwa jina la Mama. Mvua haikusubiri. Tulipanda kwa mifuko miwili ya mbolea ya DAP ya dukani, na shamba la chini likala samadi tu. Ujumbe wa Mama uliingia mahindi yakiwa magotini.