Sensa ya chumvi kisimani: hatimaye namba zimetulia

Imekubali! Sensa yangu ya kujitengenezea, inayopima chumvi kwa kupitisha umeme majini kati ya boliti mbili (chumvi ikizidi, umeme unapita kwa urahisi zaidi), imelala ndani ya kisima chetu hapa Kigamboni tangu wiki iliyopita na namba hazitangitangi tena. Nimefurahi mno.

Mliowahi kutengeneza kitu hiki mnajua kinapouma. Ukipitisha umeme wa upande mmoja majini, boliti moja inafunikwa na vipovu na nyingine inaliwa, namba zinateleza zenyewe ilhali maji ni yaleyale ya ndooni. Nilipiga msasa, nikaosha kwa siki, nikanunua stenlesi ya bei mbaya. Wapi! Dawa imekuwa pini mbili za Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta kinachoendesha sensa, zinazopokezana chanya na hasi mara maelfu kwa sekunde, zinasoma chapuchapu, kisha zinazima kabisa hadi zamu ijayo. Boliti nimezitupa, sasa natumia vile vijiti vyeusi vya kaboni vya ndani ya betri za tochi, vimezibwa kwa gundi ya kuchanganya ndani ya kipande cha bomba. Haviliwi. Na joto msilisahau: kila nyuzi moja inaongeza upitishaji wa umeme kwa karibu asilimia 2, kwa hiyo rudisheni hesabu zote kwenye nyuzi 25.

Vile vipimo vya chumvi vyenye umbo la kalamu vinavyouzwa Kariakoo ni vizuri kwa kuonja ndoo, ila si vya kuacha majini usiku kucha.

Sasa grafu. Nilitarajia chumvi ifuate bamvu na maji mafu, yaani siku bahari inapojaa sana na siku inapojaa kidogo. Haifuati bahari, inafuata pampu! Jioni, majirani wakijaza matangi na maboza yakipakia, mstari unapanda. Usiku pampu zikipumzika, unashuka, lakini haurudi chini ulikoanzia. Mama jirani aliponiona na kompyuta pale kisimani akasema, "Mwanangu, chai yangu ya jioni ilishaniambia zamani." Kweli kabisa.

Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Maana yake ukishusha usawa wa maji ya kisima mita moja tu na kuyaacha hivyo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40. Na chini ya pampu yenyewe chumvi inavutwa juu haraka zaidi. Tangu ukame wa 1997 jiji hili limechimba visima kwa fujo, na huku juu tunaziba viwanja kwa pevingi, mvua inakimbilia mtaroni badala ya kuzama. Inaniuma, kwa sababu chumvi ikishaingia kwenye mchanga haitoki upesi.

Nilipanga mwezi huu nifunge sola na kutuma data kwa simu. Nimeweka kando. Akili yote iko kwenye paa: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, na Dar hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka. Bati la mita za mraba 100 ni zaidi ya lita laki moja! Gata ninazo. Nachimba shimo la kokoto na mchanga hatua chache kutoka kisimani ili mvua ya paa izame ardhini, maji ya kwanza yenye vumbi yakimwagwa pembeni. Sensa ya pili itakaa kwenye kisima cha mama jirani, ambacho hakitapata maji ya paa, ili vuli ikianza nilinganishe mistari miwili. Mwenye uzoefu wa chujio la mchanga lisiloziba, tafadhali aseme ametumia mchanga wa ukubwa gani.