Siku moja na afisa TEHAMA anayelinda mifumo ya serikali

Saa 1:30 asubuhi, Dodoma. Kazi inaanza na logi za usiku za VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), yaani orodha ya nani aliingia kwenye mtandao wa taasisi, saa ngapi, kwa kifaa gani. Tunatafuta akaunti iliyoingia kutoka Mbeya, kisha nusu saa baadaye ikaonekana Ulaya. Tunatafuta pia anwani moja ya mtandao (IP, namba inayotambulisha kifaa au mtandao kinakotokea) iliyojaribu nywila moja moja kwenye akaunti nyingi tofauti. Mshambuliaji mjanja hajaribu mara kumi kwenye akaunti moja kwa sababu anajua itajifunga.

Kuna mtego hapa. Mtumishi anayetumia bando la simu akiwa Kigoma anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam, na wateja wengi wa mtandao huo huo wanatoka kwa anwani moja. Ukiifunga anwani kwa haraka, umewafungia nje na watumishi halali. Ndiyo maana tunakiamini zaidi cheti cha kidijitali, yaani faili la utambulisho lililowekwa kwenye laptop ya ofisi, kuliko mahali inapoonekana kuwa.

Saa 2:30. Nywila zilizosahaulika, printa, akaunti zilizojifunga. Zinaisha.

Saa 3:15. "Kaka, msimbo unakataa." Ni msimbo wa tarakimu sita unaoombwa baada ya nywila, kama hatua ya pili ya kuthibitisha ni wewe. Unakokotolewa kutokana na siri iliyohifadhiwa kwenye simu pamoja na saa ya wakati huo, na kwa kawaida unabadilika kila sekunde 30. Simu ambayo saa yake imewekwa kwa mkono na iko nyuma dakika mbili itakataliwa siku nzima. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kuwasha saa ya kujirekebisha yenyewe. Usikimbilie kufuta usajili na kuanza upya, kwa sababu tatizo litarudi.

Saa 4:00 tunapitia orodha ya Utumishi ya waliohamishwa, waliostaafu na wanafunzi waliomaliza mafunzo kwa vitendo. Barua ya uhamisho hufika kwa mhasibu mapema, TEHAMA ikachelewa kuipata, na akaunti ikabaki wazi. Mwishoni mwa Aprili 2021 wahalifu waliingia kwenye mtandao wa Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta Marekani, kupitia akaunti ya VPN iliyokuwa haitumiki tena na iliyolindwa kwa nywila peke yake. Kuifunga akaunti ni kazi ya dakika moja. Kazi ngumu ni kujua kwamba inatakiwa kufungwa.

Saa 5:10 simu inaita kutoka namba ngeni. Ni mkuu wa kitengo, yuko Mwanza kwa safari ya kikazi. Simu yake imeibiwa, anatumia ya dereva, na kuna malipo anayotakiwa kuyaidhinisha kabla ya saa 8. Anataka uthibitisho wa hatua ya pili uondolewe "kwa leo tu".

"Shikamoo mama. Hilo halitawezekana kwa simu."

"Mwanangu, sauti yangu huijui?"

Sauti tunaijua. Lakini siku hizi sauti inaigizwa kwa kompyuta, namba anayopigia haimo kwenye kumbukumbu, na akaunti yenyewe inaidhinisha fedha za umma. Dharura, cheo kikubwa na simu ya kuazima ndivyo vitu vitatu ambavyo tapeli huja navyo. Kwa hiyo tunaanza utaratibu, naye anampigia mkurugenzi kulalamika, mkurugenzi anatupigia sisi, na tunamweleza mkurugenzi kile kile tulichomweleza mama.

Kwanza, hatupigi namba yoyote anayotutajia yeye. Tunachukua namba ya mezani ya ofisi ya kanda kwenye orodha yetu na kumwomba afisa wa huko amwone ana kwa ana, akiwa na kitambulisho cha kazi. Pili, msimamizi wake anathibitisha kwa maandishi. Tatu, tunafuta usajili wa simu iliyoibiwa, tunakata vipindi vyote vilivyo wazi (yaani pote ambako akaunti yake bado imeingia), na tunamhimiza aifunge laini mara moja, maana aliye na laini anapokea misimbo ya SMS. Nne, kabati la kanda lina ufunguo wa USB wa akiba (kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta badala ya msimbo wa simu) ndani ya bahasha iliyofungwa. Anausaini, tunampa msimbo wa muda wa kutumika mara moja, anausajili ufunguo huo kwa jina lake. Simu ya dereva haisajiliwi kamwe.

Inachukua karibu saa moja na nusu, ya maneno makali. Malipo yanaidhinishwa kwa wakati. Ni kazi tunayojivunia, hata kama hakuna aliyetushukuru.

Mchana chai imepoa na simu zinaendelea. VPN imeunganishwa lakini mfumo haufunguki: vifurushi vidogo vya data vinapita, vikubwa vinakwama njiani. Pima kwa ping (amri ya kutuma kifurushi cha majaribio) isiyoruhusu kifurushi kukatwa vipande, ukianzia baiti 1472 na kushuka hadi ipite, ongeza 28 za vichwa vya kifurushi, kisha punguza ukubwa wa vifurushi ndani ya VPN uwe chini ya hapo. Mwingine ametuma orodha ya watumishi na namba zao za simu kwa barua pepe binafsi kwa kuwa ya ofisi ilikuwa nzito. Hilo linaandikiwa taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi.

Usiku ndiyo zamu ya masasisho, watu wakiwa wametoka kwenye mifumo. Kifaa cha VPN kinakaa mlangoni, kinaonekana na dunia nzima, hivyo udhaifu wake hautusubiri. Baada ya udhaifu wa vifaa vya VPN vya kampuni ya Ivanti kutumiwa na wadukuzi, Marekani iliziamuru taasisi zake za shirikisho ziwe zimevitoa mtandaoni kabla ya kuisha kwa tarehe 2 Februari 2024. Tunahifadhi nakala ya mipangilio, tunasasisha kifaa cha akiba kwanza, tunahamishia watumiaji huko, ndipo tunagusa kikuu. Halafu tunakata vipindi vyote. Hatua hii wengi huiruka, na udhaifu wa 2023 wa vifaa vya kampuni ya Citrix, navyo vya kuingilia kwa mbali, ulionyesha hatari yake: aliyekuwa ameiba kipindi kilicho wazi aliendelea kuingia hata baada ya kifaa kusasishwa.

Tangazo limeshatumwa: kesho kila mtu ataombwa kuingia upya, mara moja tu, kwenye ukurasa ule ule wa siku zote. Ukiombwa mara ya pili, au ukurasa ukiwa mgeni kwako, usiandike nywila. Tupigie.