Disketi zilizoota ukungu: safisha kwanza, soma baadaye

Disketi za inchi 3.5 bado zimejaa kwenye makabati ya Mbeya, Njombe na Mufindi: ofisi za parokia, vyama vya msingi vya kahawa, masanduku ya walimu wastaafu. Ndani yake kuna orodha za wakulima, mihtasari ya vikao, tasnifu ambazo nakala zake za karatasi zimeshaliwa na mchwa. Mwenye nazo akipata draivu ya USB ya kusomea disketi, huchomeka palepale. Nyingi huharibikia hapo hapo, baada ya kuvumilia miaka yote kabatini.

Adui mkubwa wa huku ni unyevu. Kuanzia Tukuyu hadi Makete mvua haina haraka ya kuondoka, na baridi ya Juni na Julai watu hufunga madirisha na kuota moto ndani. Kiswahili kimeupa jina moja ukungu unaotanda mlimani na ukungu unaoota kwenye vitu, na kwa upande wa disketi hakijakosea.

Kabla ya kuchomeka chochote, telezesha kifuniko cha chuma pembeni, geuza disketi, kisha zungusha kitovu cha chuma kwa kidole taratibu huku ukimulika tochi ya simu kwa ubavu. Filamu nzima, ile sahani laini ya ndani inayobeba data, iwe nyeusi au kahawia, inang'aa sawasawa. Madoa meupe au ya kijivu kama unga ni ukungu, na hayo yanatibika. Ukiona mistari ya duara inayopitisha mwanga, tabaka la sumaku limeshakwanguliwa: data ya pale imekwenda na hakuna programu ya kuirudisha.

Kwa nini ukungu ni hatari hivyo? Filamu huzunguka mara 300 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaigusa, kimoja juu na kimoja chini. Chembe ya ukungu ikinasa kwenye kichwa inakuwa msasa. Inakwangua disketi hiyo, na usipoigundua, itakwangua na zinazofuata. Disketi moja chafu inaweza kuua boksi zima.

Anza kwa kukausha. Ziweke kwenye ndoo kavu ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwa siku kadhaa. Usianike juani wala kuweka karibu na jiko, filamu itajikunja. Mchele, ule ambao watu hukaushia simu, nao uache jikoni, vumbi lake ni tatizo jingine.

Cha kusafishia ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ile wanayotumia mafundi simu. Tina hapana kabisa, inayeyusha. Lowesha kijiti cha pamba kidogo, kisichuruzike, shikilia kifuniko wazi, pangusa pande zote mbili huku ukizungusha kitovu. Badilisha kijiti kila kikichafuka, kisha acha ikauke kabisa. Kama ukungu umeingia hadi kwenye kitambaa cha ndani, kupangusa kupitia uwazi wa kifuniko hakutoshi. Ng'oa kifuniko cha chuma, banua ganda kwenye pembe kwa kisu chembamba, toa filamu ukiishika kwenye kitovu, isafishe, kisha ihamishie kwenye ganda la disketi nzima isiyo na maana. Kitovu kielekee upande wenye tundu kubwa la duara.

Baada ya hapo funga uandishi: sukuma kile kidude cha pembeni mpaka tundu lionekane wazi. Kompyuta ikidai disketi haijaformatiwa na kukuuliza kama uiformati, kataa. Wala usifungue faili moja moja. Nakili disketi nzima mara moja, kwenye Linux, kwa laptopu yenye betri maana umeme wetu tunaujua. Hakikisha kwanza kwa amri ya lsblk, inayoorodhesha diski zote, kwamba sdb ndiyo disketi (ile ya 1.4M), ndipo uandike amri za ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

ddrescue -d -n /dev/sdb d01.img d01.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb d01.img d01.map

Mstari wa kwanza huchota vinavyosomeka kirahisi, wa pili hurudia sehemu ngumu mara tatu. Lile faili la map ndilo lenye uzito: linakumbuka kilichopatikana na kilichokosekana. Zikibaki sekta (vipande vidogo vya data) mbovu, toa disketi, isafishe tena, jaribu draivu nyingine kwa map ileile. Itajaza mapengo tu. Draivu mbili za umri tofauti huokoa zaidi ya draivu moja iliyobembelezwa kutwa. Nakala kamili ina baiti 1,474,560, au 737,280 kwa disketi za KB 720.

Kuna mtego hapa. Disketi yenye matundu mawili ikiwa iliformatiwa kwa KB 720, draivu huona tundu la pili, lile lisilo na kidude, na kuisoma kwa namna isiyo yake, halafu inaonekana mbovu. Ziba tundu hilo kwa tepu nyeusi ujaribu tena.

Kwenye disketi ya 1.4M, sekta 33 za mwanzo, kwenye ukingo wa nje, hubeba orodha ya majina na ramani ya faili (si lile faili la map la ddrescue). Zikifa hizo, yaliyomo bado yapo: elekeza PhotoRec, programu ya kuokoa faili, kwenye ile img, utapata faili zisizo na majina, uzipange kwa macho. Ramani yenyewe imeandikwa mara mbili, hivyo kufa kwa nakala moja si mwisho.

Faili za WordPerfect, za Lotus zenye WK1 na za dBase zenye DBF hufunguka kwenye LibreOffice. WordStar, programu ya zamani ya kuandikia, ina kituko chake: herufi ya mwisho ya maneno mengi huonekana kama alama ya ajabu, kwa sababu programu iliwasha biti ya nane hapo. Izime biti hiyo katika faili zima, maandishi yanarudi.

Ukimaliza kila disketi iliyokuwa na ukungu, safisha vichwa vya draivu, kisha ingiza disketi usiyoijali na uisome mwanzo hadi mwisho. Itoe, imulike. Ikiwa na mchoro mpya wa duara, usiingize nyingine.