Chini ya kuba la Abu Dhabi

Nilipomtembelea kaka yangu anayefanya kazi Abu Dhabi, nilimwomba jambo moja: anipeleke Louvre ya huko, jumba la makumbusho ya sanaa lililosanifiwa na Jean Nouvel na kufunguliwa Novemba 2017. Ndani mna kazi za kale na za wasanii wa zama zetu, lakini muda wangu mwingi niliupitisha nje ya kumbi, chini ya kuba.

Kuba hilo lina kipenyo cha mita 180. Limefumwa kwa nyota 7,850 zilizopangwa katika matabaka manane, manne ya juu ya chuma cha pua na manne ya chini ya alumini, hivi kwamba mwale unaopenya tabaka la kwanza huenda ukazibwa na la tatu, na jua kali la jangwani hufika chini likiwa limechujwa. Nilikunjua kiganja. Doa la mwanga lililotua juu yake liliteleza taratibu hadi kwenye kifundo, likatoweka, nami sikuwa nimeusogeza mkono. Msanifu alichukua mfano wa mapaa ya majani ya mtende yaliyopishanishwa, na mtu wa Lamu kama mimi hahitaji kuelezwa hilo.

Uzito wote huo, takriban tani 7,500, umebebwa na nguzo nne tu zilizofichwa ndani ya majengo. Hapo nilizikumbuka boriti zetu za mkoko zinazobeba dari. Mkoko una urefu wake, na ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za mawe havifiki upana wa mita 3, ingawa huenda mbali kwa urefu. Ubaridi mafundi waliutafuta katika kuta nene za matumbawe na chokaa, katika kiwanda, yaani ua wa ndani, na katika vichochoro ambamo nyumba hutiliana kivuli.

Kuta nyeupe za zege za makumbusho sikuzipenda sana. Ni laini mno. Zidaka za kwetu, yaani vishubaka vya ukutani, ukizipapasa unaziona alama za kisu cha fundi aliyezichonga.

Niliporudi Lamu nilipanda juu ya nyumba, chini ya makuti yetu yaliyochakaa yanayosubiri kuezekwa upya, nikakunjua kiganja tena. Paa letu li karibu na kichwa, kwa hiyo doa lilikaa mkononi muda mrefu kabla ya kuhama.