Gari lisilodanganya

Fundi umeme ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa kama gari lina roho. Sisi tunaliona likiwa limefumuliwa: zulia limetolewa, waya zinaning'inia, viti vimewekwa sakafuni juu ya maboksi. Katika hali hiyo gari la shilingi milioni 300 halina tofauti kubwa na Noah ya kubebea abiria. Lakini vijana wa gereji yetu hapa Dar hawaachi kuniuliza, hasa likiingia gari lenye mbwembwe, na kwa kuwa kijiweni pale hakuna anayeachiwa amalize hoja yake, nimeona niimalizie hapa.

Ubishi wa safari hii umeanzia kwenye Mercedes-AMG C63. Kwa wasiolifahamu, lile la kwanza, lililoingia sokoni mwaka 2008, ni C-Class ndogo tu iliyotiwa injini kubwa kupita kiasi: V8, yaani ya silinda nane, cc 6,208, haina turbo (pampu ya kuisukumia injini hewa), nguvu za farasi 457. AMG yenyewe ilianzishwa mwaka 1967 na Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher (ile G ni ya Großaspach, alikozaliwa Aufrecht), na kwa miaka mingi kazi yao ilikuwa kuchukua injini za Mercedes na kuzitanua. Hii ilikuwa V8 ya kwanza waliyoisanifu wenyewe mwanzo mwisho. Kila moja iliundwa na fundi mmoja kule Affalterbach, Ujerumani, kwenye makao ya AMG, kutoka bloku tupu hadi mfuniko wa juu, na alipomaliza akabandika kibati chenye saini yake. Nimewahi kumulika kibati hicho kwa tochi ya simu, nikijaribu kusoma jina. Mwandiko wa Mjerumani huyo ni mbaya kuliko wangu.

Toleo lililotangazwa mwaka 2022 lina silinda nne, cc 1,991, turbo inayosaidiwa na umeme, na mota ya umeme nyuma. Jumla ni nguvu za farasi 680. Kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa linatumia sekunde 3.4; lile la V8 lilitumia 4.5. Kwa hesabu hizo jipya limeshinda kila mahali isipokuwa kwenye mizani, maana linapita kilo 2,100. Na bado vijana wote, pamoja na mmoja ambaye hajawahi kukalia kiti cha lolote kati ya hayo mawili, wanaapa kwamba la zamani lina roho na jipya halina.

Nikiwauliza kwa nini, kila mtu ana lake.

Wa kwanza anasema ni ile saini, kazi ya mkono. Sawa, ila injini ya silinda nne nayo inaundwa na mtu mmoja, Affalterbach hapohapo, na kibati kipo. Akanyamaza.

Wa pili anasema roho ni kasoro, kwamba gari lisilosumbua ni friji. Hoja hii utaikuta kila wanapokutana wapenzi wa magari, nami siipendi kabisa. Ni kweli V8 zile za mwanzo zinajulikana kwa boliti za silinda hedi kukatika na kamshafti kulika, na utawasikia watu wakiyasimulia hayo kwa mahaba, eti gari lina tabia zake. Wanaosimulia hivyo si wao wanaolala chini ya gari. Boliti iliyokatika haina roho, ina bili.

Wa tatu anasema sauti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo na mimi nilipobadilika mawazo.

Kuna mteja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniletea sedani ya bei mbaya kutoka Ulaya, aina sitaitaja. "Fundi, gari limelegea. Halivuti." Nikaliunganisha kwenye mashine ya kupimia, halikuonyesha kosa lolote la injini. Kesho yake alfajiri tukatoka nalo kabla magari hayajajaa barabarani. Nikakanyaga mafuta, likavuta mpaka mgongo ukagota kwenye kiti.

"Mzee, mbona linavuta?"

"Halivuti, fundi. Wewe husikii? Halingurumi."

Na kweli lilikuwa kimya. Redio nayo ilikuwa haifanyi kazi, ila hilo hakulitaja kwa sababu hakuona linahusiana vipi na injini. Nikafungua buti. Maji yalikuwa yamepenya kwenye amplifaya ya muziki na kuiua. Ule mngurumo uliokuwa ukimjaza kifua kila asubuhi ulikuwa unatengenezwa na kompyuta na kupigwa kupitia spika za milangoni. Nilipomweleza alinyamaza kwa muda, akatazama usukani, kisha akauliza amplifaya mpya ni shilingi ngapi.

Sikumcheka. Nilipoifunga ile mpya na kuwasha gari, nilitabasamu mwenyewe. Sauti ilikuwa tamu. Kilichonikera ni kingine. Yule mzee alikuwa amekaa ndani ya gari lenye nguvu zake zote, linamsukuma kitini vilevile kama zamani, na akasadiki kuwa limelegea. Gari lilikuwa limemzoesha kuamini spika kuliko mgongo wake.

Tangu siku hiyo jibu langu ni moja. Gari la kifahari lenye mbio linaweza kuwa na roho, na roho hiyo ni uaminifu: kile linachokuambia kiwe kinatokea kweli. Ukikanyaga likanguruma, iwe kuna kitu kimelipuka ndani ya silinda. Ukikata kona usukani ukawa mzito, iwe tairi zinasukumana na lami.

Vijana wakanirukia: basi Lexus LFA, lile gari la mbio la Toyota, je, ile si sauti ya kupanga? Ni ya kupanga, tena kwa ufundi mkubwa. Injini ile ya V10 ya lita 4.8 Toyota waliiunda pamoja na Yamaha, na watu wa upande wa ala za muziki wa Yamaha walishiriki kuitunga sauti yake. Inapanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika ndani ya sekunde 0.6, upesi ambao mshale wa kawaida ungeshindwa kuufuata, ndiyo maana wakaweka mita ya skrini. Lakini sauti wanayoisikia abiria inaletwa ndani kwa mifereji inayotoka kwenye njia ya hewa ya injini. Ni pumzi ya injini yenyewe, wao wameielekeza tu masikioni. Hiyo kwangu ni halali. Yalitengenezwa 500 tu, kati ya 2010 na 2012. Na mjaribu magari mkuu wa Toyota, Hiromu Naruse, aliyeingia kampuni hiyo mwaka 1963 kama fundi, alifariki Juni 2010 akiendesha LFA karibu na Nürburgring, uwanja wa mbio za magari wa Ujerumani. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wahandisi ukweli kuhusu gari walilolichora. Sioni kazi ya heshima zaidi katika biashara hii.

Sasa turudi kwenye C63, maana nina ugomvi nalo, na wala si wa silinda. Hilo jina. Namba 63 ilikusudiwa kuikumbusha dunia V8 ya lita 6.3 ambayo Mercedes waliitia kwenye 300 SEL mwaka 1968. Hata lile la 2008 halikufika 6.3, zilipungua cc 92. Uongo mdogo huo nausamehe, wa kiungwana. Lililofuata likawa na lita 4.0, bado likaitwa 63. Lile la 2022 likawa na 2.0, na kibandiko ni kilekile. Wangeliita jina jingine lolote ningelisifu, kwa sababu kama kazi ya umeme ni kazi ya kutisha.

Kuna na suala la mahali tulipo. Sekunde 3.4 hizo utazitumia wapi? Ukishika barabara ya Morogoro kila kijiji ni 50, askari na tochi yake kivulini, na kabla hujamfikia kuna matuta. Kwetu sisi roho ya gari inabidi ionekane kwenye mwendo wa bodaboda. Hapo ndipo V8 isiyo na turbo inapowapiga bao wengi. Nililichukua C63 la V8 la mteja mwingine kutoka Mikocheni hadi gereji, foleni mwanzo mwisho, sidhani kama nilivuka 40, na kila nilipogusa mafuta lilijibu palepale, kabla unyayo haujatulia. Mshale wa mafuta nao ulijibu palepale. Jipya lina kilomita 13 za kwenda kwa umeme mtupu, na ajabu ni kwamba katika foleni ileile, naamini sehemu hiyo ya kimya ndiyo ningeipenda, kwa kuwa haijifanyi kitu kingine.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza kama la umeme litawahi kuwa na roho, sikatai. Porsche Taycan, la tangu 2019, lina gia mbili kwenye mota ya nyuma, kitu ambacho magari mengi ya umeme hayana, na mtu aliyeliendesha atakuambia anaisikia gia ikibadilika. Hicho ni kitu cha kweli, chuma kinahama. Vilevile lina sauti ya kutengenezwa inayoweza kuzimwa. Kama kuna mtu hapa Dar analo na anatafuta fundi umeme, alilete, bei tutaelewana. Ila kabla ya kutoka nalo kulijaribu, sauti hiyo nitaizima, na atakayelipanda pamoja nami asiseme limelegea.